Mama Nakala na Rafu ya Chini

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Mkuu wa Hifadhi ya Sauti atafunga mlango wa chumba chake na kukabidhi funguo, baada ya kuitumikia redio yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Katika muda huo amewaona mameneja wakija na kuondoka, amehamishwa ghorofa mara mbili, na hajawahi hata siku moja kukubali kwamba chai ya ofisini inanyweka. Kamati ya jarida letu imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu, walisema, mimi ndiye niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu kuliko wote. Baadaye niligundua kwamba kuna wenzangu kadhaa walioombwa kabla yangu, wakapata udhuru. Wanamwogopa. Mimi pia namwogopa, ila sikupata udhuru wa haraka.

Humu ndani tunamwita Mama Nakala. Kwa wale wa ghorofa ya chini ambao hawajawahi kupanda ngazi kumtembelea, kazi yake ni hii. Kila kinachorekodiwa hapa, yawe mahojiano, kwaya, michezo ya kuigiza au mvua iliyonaswa dirishani kwa ajili ya michezo hiyo, huingia kwenye kompyuta. Kompyuta hujaa. Diski zake nazo hufa, tena hufa bila kuugua; jana ilikuwa inazunguka, leo kimya. Kwa hiyo sauti hizo hunakiliwa kwenye kanda za kuhifadhia, na zile za zamani ni ndogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja. Ukiishika moja huhisi chochote. Ni nyepesi kama kiberiti. Lakini humo ndani kuna watu wanacheka, wanabishana, wanaimba, wanapiga chafya, na wengi wao hawapo tena duniani. Nimefanya kazi jirani na chumba hicho zaidi ya nusu ya maisha yangu, na mpaka leo nikiingia hushusha sauti, kama mtu aliyeingia chumba walimolala watoto.

Alikuja kwetu akiwa kijana aliyehitimu uhandisi wa sauti, akawekwa studio namba mbili. Wiki haikuisha kabla habari za masikio yake hazijaenea jengo zima. Alikuwa akisikiliza rekodi na kukuambia imefanyika chumba gani, kwa mlio wa feni tu. Siku moja alimuuliza msomaji wa taarifa ya habari, mbele za watu, jino limeng'olewa lini. Jino lilikuwa limeng'olewa kweli, na hata mkewe alikuwa hajaambiwa. Tangu hapo watangazaji walianza kumpita kwa mbali koridoni, wakijibu salamu kwa kupunga mkono.

Alipohamishiwa hifadhi, wengi walidhani ni adhabu. Yeye aliingia humo kama aliyepewa shamba. Jambo la kwanza alilolileta ni sheria ya nakala mbili: moja ilale kwetu kwenye chumba cha baridi, nyingine ilale nje ya jengo kabisa, maana moto na maji havina heshima. Hakukuwa na jengo lingine. Akaenda kumwomba dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye nyumba yake ina chumba kikavu kisichopigwa na jua. Kabati la vitambaa likahamishwa. Kila wiki Mama Nakala alitoka hapa na kikapu chenye kanda zilizofungwa vizuri, na shemeji yetu, mumewe, mwalimu wa hesabu mwenye subira ya ajabu, akimfuata nyuma na kikapu cha pili. Dada alikuwa akilalamika kwa kila mteja aliyekuja kupimwa: "Wenzangu kabatini wana vyombo vya wageni. Mimi nina taarifa ya habari ya mwaka juzi, na siruhusiwi hata kuipangusa vumbi!" Lakini hakuwahi kuzitoa, na aliyejaribu kuweka ndoo ya maji karibu na kabati lile alijuta.

Jambo la pili aliloleta lilikuwa Alhamisi.

Kila Alhamisi, baada ya chai ya saa nne, alimkamata yeyote aliyepita na kumwambia aende rafuni akachague kanda moja, anayoitaka mwenyewe. Cheo hakikuwa kinga. Kanda ikiingizwa mashineni, rekodi moja ilirudishwa kwenye kompyuta, na aliyeichagua alitakiwa kukaa na kuisikiliza mwanzo hadi mwisho. Ukimuuliza kwa nini, alikutazama kama umeuliza kwa nini watu huoga. "Nakala ambayo hakuna aliyeisikia si nakala," alisema. "Hayo ni matumaini tu." Mimi niliwahi kuangukia kikao kizima cha kamati ya maji. Mpaka leo naweza kukuambia nani aliazima pampu na hakuirudisha. Mhasibu wetu, mtu mkavu kama risiti, aliangukia sauti ya mtoto anayewahesabu mbuzi wa babu yake, anakosea, anaanza upya, anakosea tena. Rekodi ilipokwisha, mhasibu aliomba irudiwe. Hatukumtania. Siku hiyo sote tulikuwa tumesimama mlangoni na vikombe vyetu, chai imepoa, tukisubiri yule mtoto afike mbuzi wa mwisho.

Ningeweza kuishia hapo na wasifu ungetosha: sheria ya nakala mbili, Alhamisi, vijana wengi aliowafundisha ambao sasa ni wakubwa zetu, na ile mara bomba la juu lilipopasuka akazikinga rafu kwa mwavuli na koti la Meneja, Meneja mwenyewe akiwa bado amelivaa. Lakini nikiishia hapo nitakuwa sijamweleza Mama Nakala. Inabidi niwaeleze yaliyotokea mwaka huu wake wa mwisho.

Mwanzoni mwa mwaka alifika mapokezi mama mmoja mfamasia, ametoka kazini na sare yake. Baba yake ni yule mzee ambaye wakubwa wenzangu watamkumbuka kama mwalimu wa kwaya ya kiwanda cha nguo. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia, na nyimbo zake alizitunga mle mle kiwandani, akifuata mwendo wa mitambo. Nyimbo kumi na mbili. Hakuandika hata moja; nota hakuzijua na hakuzitaka, kila mwimbaji alifundishwa kwa mdomo sehemu yake. Kiwanda kilifungwa, waimbaji wakazeeka, lakini bado wanakutana kila Jumamosi kwenye darasa moja la shule ya msingi. Mwaka jana mzee alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na maneno hayatoki.

"Akili yake nzima kabisa," binti alituambia. "Na ndiyo tabu yenyewe. Wanamketisha mbele, wanaimba. Sauti ya kwanza wanakumbuka hivi, sauti ya tatu vile, wanagombana, na besi wanasubiri ugomvi uishe ndipo waseme mmm. Kila Jumamosi nyimbo zinapinda zaidi kidogo. Baba anatikisa kichwa, lakini hakuna anayejua anakataa nini. Neno? Mwendo? Wiki iliyopita aligoma kwenda."

Alikumbuka kwamba kwaya iliwahi kurekodiwa hapa kwetu. Alichoomba ni nakala.

"Mwanangu," Mama Nakala alimwambia, na nilikuwepo, "rudi Alhamisi. Utazikuta zinakusubiri." Alikuwa anajidai, tusifiche, unyenyekevu si katika vipaji alivyojaliwa. Alikwenda moja kwa moja hadi rafu ya chini kabisa, akasogeza ufagio na boksi la karatasi, akachutama, akaitoa kanda. Mashine ikaimeza, ikaguna, ikaitema. Akairudisha. Ikaitema. Akamtuma shemeji yetu kwa dada akalete ile ya pili na zote za msimu ule. Ya pili nayo ikatemwa. Akajaribu jirani yake, na jirani wa jirani. Kufikia saa ya kutoka, rafu nzima ya chini, msimu mzima wa kazi yetu, ilikuwa imekataliwa na mashine, nakala zote mbili.

Mimi nilisema jambo la kijinga kuhusu unyevunyevu, akaniacha nimalize, na hilo lilinitisha kuliko kukaripiwa.

Alhamisi binti alipokuja, Mama Nakala alimwambia ukweli wote wala hakumzungusha. Ndipo akaanza kutafuta sababu, na alipoipata alituita tuione. Msimu ule ndio tuliohamishwa ghorofa. Mashine ya kunakilia ya wakati huo iligongwa ngazini. Ndani ya mashine hizi kuna vinguzo viwili vyembamba kama njiti, vinavyoielekeza kanda ipite sawasawa mbele ya kichwa kinachoandika na kusoma. Vikainama kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele. Kuanzia hapo mashine ikawa inaandika mshazari, na kila ilipoambiwa ihakiki kazi yake, iliusoma mshazari wake yenyewe bila shida na kujipa alama zote. Ilijisahihishia mtihani. Nakala zote mbili ziliandikwa na mkono huo huo mgonjwa. Kisha ikachakaa, ikatupwa, na ikaondoka na ufunguo wa kuisoma rafu nzima.

"Lakini Alhamisi je?" Meneja aliuliza. "Miaka yote hii tunachagua kanda!"

Mama Nakala alituomba tusimame mbele ya rafu, kama tulivyokuwa tukisimama siku zote, na tunyooshe mkono. Mikono yote ikaenda pale pale, usawa wa kifua. Rafu ya chini ilikuwa nyuma ya ufagio na boksi, na kuifikia lazima uchutame. Wenye sketi walikuwa na sketi zao, na sisi wenye vitambi tulikuwa na magoti yetu. Katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuinama.

"Niliwaachia mchague," alisema. "Na nikawajua mlivyo, na bado nikawaachia. Kosa ni langu." Wiki iliyofuata akaleta kigoda, na tangu hapo kanda zinachaguliwa kwa kura. Aliyeangukiwa na rafu ya chini anakaa kigodani, hana cha kusingizia.

Hilo halikumrudishia mzee nyimbo zake. Meneja, ambaye ni mtu mwema, alimshauri aiandikie familia barua ya masikitiko.

"Masikitiko yapo," Mama Nakala alijibu. "Na sauti zipo. Hazijafutika, zimekaa mle ndani zote, zinasubiri mtu wa kuzisoma kwa mshazari. Nipe muda."

"Muda gani, mama? Unastaafu mwezi wa sita!"

"Ndiyo huo huo."

Hapa ndipo nilipoanza kumwogopa kwa namna mpya. Alichokusudia ni kuichukua mashine nzima ya aina ile, ambayo tulibaki nayo moja tu, na kuipinda makusudi, mpaka iugue ugonjwa ule ule wa marehemu mwenzake. Si kuivunja, maana mtu yeyote anaweza kuvunja. Mimi nimeshavunja mbili za kuchapishia bila kukusudia. Yeye alitaka kuipotosha sawasawa na upotofu ambao hakuna aliyewahi kuupima, wa mashine ambayo haipo. Na kuna rafu mbili za kanda nzuri zilizokuwa bado hazijahamishiwa kwenye kanda kubwa za kisasa, na mashine hiyo ndiyo pekee iliyoweza kuzisoma. Akiipinda kabla ya kuzimaliza, anawapoteza wazima akiwatafuta wagonjwa.

Basi akaanza na wazima. Kwa miezi minne alinakili kanda moja baada ya nyingine, hana haraka, hana mapumziko. Binti alipiga simu kila Jumatatu. Nilikuwa nikisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Bado, mwanangu... Mwambie bado... Anaulizaje?... Kwa macho. Haya, mwambie namwona." Mwezi wa tatu mzee alilazwa kwa kifua. Mama Nakala alikwenda hospitali, akarudi, akaketi mbele ya mashine bila kuvua koti. Hakuruka hata kanda moja. Nilimuuliza kama hatungeweza kuacha chache za michezo ya kuigiza ya zamani ili tumuwahi mzee. Akaniuliza ni nani wa kumwambia mama wa mchezaji wa humo kwamba mwanawe ni mmoja wa hizo chache.

Rafu mbili zilipoisha, tayari tulikuwa tumeingia mwezi wa tano. Akafungua kifuniko cha mashine, asubuhi ya Jumanne, akaniita nikashike tochi. Nina cheo cha mhariri mwandamizi. Pale nilikuwa mshika tochi, na hata kwa hilo sikupata sifa.

"Unamulika nini, kaka, dari?"

"Namulika hapo."

"Hapo ni kidole changu. Mulika hapo penyewe."

Kwa majaribio hakutaka kuitumia kanda ya kwaya. Alihitaji kanda ya msimu ule ambayo mashine hata ikiitafuna hakuna nchi itakayolia. Akaipata upesi kuliko nilivyopenda: kipindi changu cha kwanza kabisa, kuhusu utengenezaji wa sabuni.

Ameshika bisibisi ndogo kama ya miwani. Anazungusha kinguzo, kiasi ambacho jicho langu halikuona kama kimesogea. Anaingiza kanda. Mashine inaguna, kwenye kompyuta yanahesabika makosa, mengi yasiyo na mwisho, kanda inatemwa. Anazungusha tena. Hakuwa akiitazama kompyuta. Alikuwa amefumba macho na kuegemeza shavu karibu na mashine, anasikiliza ule mguno. Nilikuwa nimewahi kusikia masikio yake yakisifiwa kwa mambo ya meno na feni, na nilicheka na wenzangu. Sasa nilikuwa nikiyaona yakifanya kazi. Alikuwa anautafuta mguno wa mashine iliyokufa, aliousikia zamani alipokuwa akifanya mambo mengine, bila kujua kwamba siku moja atauhitaji. Siku ya kwanza ilipita hivyo. Ya pili nayo. Mkono wangu ulikufa ganzi, nikabadilisha, nikakaripiwa kwa kubadilisha.

Siku ya tatu, kabla ya chai, mguno ulibadilika. Hata mimi niliusikia: ulilainika, kama mtu aliyepata mahali pa kukaa. Makosa kwenye kompyuta yakaanza kupungua, yakapungua, yakasimama karibu na sifuri. Faili ikatoka. Akaifungua, na chumba kikajaa sauti ya kijana mmoja anayewasalimu wasikilizaji kwa madaha, kama mtu aliyebanwa na kola ya shati.

"Inasoma," Mama Nakala alisema taratibu. Kisha akasikiliza kidogo zaidi. "Masikini, nawe ulikuwa unaongea hivyo kweli?"

Sikuona aibu. Sauti ile ilikuwa imefungiwa miaka yote ile kwenye mwandiko usiosomeka, na mtu amekwenda kuitoa kwa bisibisi na shavu lake. Niliwahi kuona watu wenye ujuzi mwingi. Sijawahi kuona mwingine anayeweza kupotoka kwa usahihi.

Kanda ya kwaya ilitoa nyimbo kumi na moja. Wa kumi na mbili ulikatika katikati. Utepe ulikuwa umekunjika hapo. Akaitoa, akaingiza ile iliyolala kabatini kwa dada, na ile nayo ikakwama, lakini kwenye wimbo wa nne. Akaparuka pale, na wa kumi na mbili ukatoka mzima. Kilichokosekana kwenye moja kilikuwepo kwenye mwenzake. Nilikwenda kumpelekea dada habari mimi mwenyewe. Alikuwa anakata kitambaa, hakuinua hata macho. "Nilijua kuna siku mtakuja kunishukuru," alisema. "Sasa naomba kabati langu."

Jumamosi iliyofuata hatukumwita mzee studio. Mama Nakala alisema nyimbo ziende zilipo. Tukabeba spika hadi darasani, kwenye madawati ya watoto, ambako waimbaji walikuwa wamejibana magoti yakigusa videvu. Mzee alikuwa mbele kwenye kiti cha magurudumu, mwembamba, shati limepigwa pasi kali. Hakututazama.

Sasa, kuna jambo ambalo wengi wetu tulilisahau. Wimbo unapotangazwa hewani hukatwa mwanzo na mwisho. Mama Nakala hajawahi kukubali kuhifadhi kilichokatwa. Kwake huingia kila kitu, tangu taa ya kurekodi inapowaka mpaka inapozimwa. Kwa hiyo kilichotoka kwanza kwenye spika hakikuwa wimbo. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nene, yenye hasira ya mapenzi, inasema: "Sauti ya pili! Mnasubiri gari?"

Mama watatu wa nyuma wakanyooka migongo kabla hawajajua kwa nini.

"Rudieni," ikasema sauti. "Taratibu. Mtambo hauna haraka, ninyi haraka ya nini? Haya. Moja, mbili."

Mzee alikuwa amefumbua mdomo. Alikuwa anamsikiliza mtu anayesema yote aliyokuwa akitaka kuyasema tangu mwaka jana. Na kwaya ikaingia kutoka kwenye spika, vijana, mapafu mazima, na nyuma yao mwendo ule wa mitambo ya kufumia, ingawa hapakuwa na mtambo wowote, ni besi tu, na besi hawakuwa wakisema mmm hata kidogo. Wimbo ulipoisha, mzee aliinua mkono wake wa kushoto, akainyooshea spika kidole, kisha akawanyooshea wale mama watatu, kisha spika tena.

"Tumesikia, mwalimu," mmoja wao akasema. "Tumesikia! Usituaibishe mbele ya wageni."

Binti alikuwa analia na kucheka pamoja. "Anafoka!" alituambia. "Jamani, baba anafoka!"

Jumatatu Mama Nakala alikwenda idara ya michezo ya kuigiza, akachukua bila kuomba kile kisanduku chenye vitufe vikubwa wanachotumia kurushia makofi na shangwe. Akaipitia kanda ya kwaya kutoka mwanzo, akachomoa maneno ya mzee yaliyo kati ya nyimbo, akayaweka moja kwenye kila kitufe. Rudieni. Taratibu. Besi, amkeni. Sauti ya pili, mnasubiri gari? Na moja ambalo alilitafuta kwa siku mbili, kwa sababu kwenye rekodi nzima mzee alilisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, baada ya wimbo wa tisa: Hapo sawa.

Sasa kisanduku hicho kinakaa mapajani mwa mzee kila Jumamosi, na mkono wa kushoto unatosha kabisa. Wanasema kitufe cha Hapo sawa hakijachakaa. Nyimbo mbili za kwanza zimeshanyooka. Wa tatu wanaugombania, lakini sasa wanagombana mbele ya hakimu.

Idara ya michezo wameshapewa kisanduku kingine, ili waache kutuandikia barua za malalamiko.

Wiki zilizobaki, Mama Nakala ameisoma rafu yote ya chini kwa mashine ile aliyoipinda, na kila kilichokuwemo sasa kimo kwenye kanda mpya, nakala mbili, zimehakikiwa kwa mashine ambayo si hiyo iliyoziandika. Hilo la mwisho sasa ni sheria ya nyumba hii. Wanaokuja baada yake wataikuta, na tafadhali wasiulize kwa nini.

Mama Nakala, umetusikia tukikutania kwa miaka thelathini na mitatu, na bila shaka umejua ni nani kati yetu alikuwa na mafua. Kwa niaba ya Meneja, wafanyakazi wote, na watu wengi ambao hawatajua kamwe kwamba sauti zao ziko salama, tunakushukuru. Tunamshukuru shemeji kwa mabega yake na dada kwa kabati lake. Tulitaka kukuombea mapumziko ya kimya, lakini taarifa zimetufikia kwamba umejiunga na ile kwaya, umewekwa sauti ya pili, na masikio yote uliyo nayo hayakukusaidia: Jumamosi iliyopita uliingia umechelewa, na mzee akakubonyezea kitufe mara mbili mbele ya watu.

Basi nenda salama, dada yetu. Afya iwe nzuri, pumzi iwe ndefu, na ukiambiwa urudie, urudie.